Mzee Aliyekataa Kusalimia Watu Akiwa Amelala

Mkiniuliza nimefanya kazi gani maisha yangu yote, nitawajibu kwamba nimeshika miguu ya watu. Nimeshika miguu ya wachuma majani chai, ya madereva wa trekta, ya walimu wakuu, na ya mhubiri mmoja aliyekuwa amevaa soksi za rangi mbili tofauti siku aliyopata ajali. Ninyi mnaoanza uuguzi sasa huingia wodini mkaenda moja kwa moja kwenye monita, mkasoma namba, mkaandika, mkatoka. Mgonjwa mwenyewe mnamwona mkirudi kuchukua kalamu mliyoisahau kitandani kwake.

Nimestaafu. Nina shamba dogo la majani chai, ng'ombe wawili wasionisikiliza, na goti moja linalotabiri mvua, ingawa huku kwetu Bomet kutabiri mvua si kazi kubwa. Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa uuguzi juu ya presha ya mtu aliyeumia mgongo. Nilizungumza vibaya. Walikuwa wamenipanga kabla ya chakula cha mchana, harufu ya nyama ikawa inaingia dirishani, na hakuna aliyekuwa akinisikiliza, mimi mwenyewe nikiwemo. Ndiyo maana naandika.

Jambo moja mlijue mapema. Mimi ni muuguzi. Lakini kwa kuwa ni mwanamume, wagonjwa waliniita daktari tangu siku ya kwanza, na wenzangu wa kike waliosoma kunishinda wakaitwa sista. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, baadaye nikachoka. Mkiona hapa mtu ananiita daktari, msiniulize cheti.

Sasa mgongo. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo kuna ugwe, kamba laini ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Mtu akianguka, mfupa ukateguka na kuuponda ugwe, kuna uharibifu uliokwisha kutokea palepale, na huo hakuna bingwa anayeweza kuurudisha nyuma. Kuna uharibifu mwingine unaokuja polepole katika saa na siku zinazofuata. Ugwe unavimba, mishipa yake midogo inabanwa, na sehemu iliyobaki hai inaanza kukosa damu. Sehemu hiyo iliyobaki hai ndiyo tunayolipwa kuilinda.

Tatizo ni kwamba ugwe huohuo ndio unaopeleka amri ya kubana mishipa ya damu mwilini. Ukiumia sehemu za juu, shingoni kwa mfano, amri haifiki. Mishipa inalegea, damu inatuama miguuni na tumboni, presha inaanguka. Moyo nao, ambao ungepaswa kuharakisha ili kuokoa hali, unapiga taratibu kama mtu asiye na habari. Hapo ndipo ugwe unapohitaji damu zaidi, na ndipo damu inapokosa nguvu ya kuufikia.

Jamaa za wagonjwa nilizoea kuwaeleza kwa mfano wa maji ya mradi. Kila kijiji huku kina bomba linalopanda mlima, na presha ya maji ikipungua, nyumba iliyo juu kabisa ndiyo hukauka kwanza. Ugwe uliovimba ni nyumba hiyo ya juu. Watu walinielewa haraka, na wengine walianza papo hapo kulalamika juu ya kamati zao za maji.

Kwa hiyo daktari atawapa namba. Itakuwa presha ya wastani, ile unayoipata ukichukua namba ya chini mara mbili, ukajumlisha ya juu, ukagawanya kwa tatu. Wengi walitaka isishuke chini ya themanini na tano kwa siku za mwanzo, na siku hizi nasikia wengine wanakubali chini ya hapo kidogo. Waachieni mabingwa wabishane. Kazi ya muuguzi ni kuitunza namba aliyopewa, isishuke akiwa anakunywa chai.

Aliyenifundisha haya ni Sista Tabitha, mwanamke mfupi wa Kipkelion mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Siku moja aliletwa kijana wa bodaboda, barua ya rufaa ikisema shingo imeumia na presha iko chini. Mimi nilikimbilia mashine. Tabitha alifunua blanketi, akaishika miguu ya yule kijana kwa mikono miwili.

"Kuja ushike," akaniambia. "Iko aje?"

"Iko baridi, Sista. Na iko na jasho."

"Na mapigo?"

"Inakimbia sana."

"Sasa hiyo ni shingo ya wapi? Huyu anavuja damu mahali."

Daktari wa zamu, aliyekuwa akilipapasa tumbo upande wa pili wa kitanda, alikuwa amefikia jibu hilohilo. Bandama lilikuwa limepasuka. Shingo yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Mwenye ugwe ulioumia, Tabitha alinieleza baadaye tukinawa mikono, miguu yake huwa na joto na imekauka, na mapigo ni ya polepole. Presha ya chini inafanana kwa wote wawili, lakini dawa hazifanani. Na msisahau kwamba mtu anaweza kuumia shingo na kuvuja tumboni siku moja, kwa hiyo ukipata jibu moja usiache kutafuta la pili.

Kuna makosa ambayo nadhani hufanywa huku kwetu kwenye baridi pekee. Watu wetu huja hospitali wamevaa shati, sweta, sweta ya pili na koti, na muuguzi mwenye haraka hufunga kitambaa cha presha juu ya sweta. Namba inayotoka hapo ni ya sufu. Kosa jingine ni chupa za soda. Mtu aliyeumia ugwe hupoteza joto upesi, na jamaa kwa upendo wao humjazia chupa maji ya moto na kuziweka kwenye nyayo. Hasikii. Nimeona malengelenge makubwa kwenye miguu ambayo mwenyewe alikuwa hajui kama bado anayo. Mpeni blanketi za kutosha na soksi kavu, basi.

Kosa la tatu ni la kila mahali. Presha iko chini, mtu anafungulia dripu ya maji, haipandi, anafungulia nyingine. Kumbe maji yamo ya kutosha na mishipa ndiyo iliyolegea. Dripu za mwanzo zina kazi yake, lakini ukiendelea kumimina, maji yanahamia mapafuni na mgonjwa anaanza kukoroma kwa povu. Ikifika hapo anahitaji dawa ya kubana mishipa, inayopita kwa pampu tone kwa tone, na muuguzi asiyetoka hapo. Ukimvuta makohozi kwa mpira, mvute kwa upole na sindano ya kuamsha moyo iwe karibu, maana mapigo yake yanaweza kushuka ghafla mpaka wewe ndiye utakayehitaji kulazwa.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Chumo.

Mzee Chumo alikuwa mkulima wa majani na mfugaji wa ng'ombe, mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Alipanda mwenyewe mkaratusi uliokuwa ukiyatilia majani yake kivuli, ili akate tawi, akaanguka nalo. Watu waliokimbia kwanza walitaka kumweka kwenye pikipiki katikati ya wawili. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akichuma ng'ambo ya ua, aliwakemea kwa maneno ambayo sitayaandika, akawaamuru wang'oe mlango wa zizi la ndama. Alifika kwetu amelala chali juu ya mlango huo, kichwa kimezuiwa kulia na kushoto kwa viroba vilivyojaa majani mabichi. Nimeona ambulensi zilizofanya kazi mbaya kuliko ile. Kesho yake walikuja kuuchukua mlango kwa sababu ndama walikuwa wametapakaa kijiji kizima.

Shingo ilikuwa imeumia, chini kidogo. Mikono ilikuwa na nguvu kiasi, wa kulia zaidi. Miguu ilikuwa imelala tu. Presha ilikuwa chini, mapigo ya polepole, na nilipoishika miguu yake ilikuwa na joto na imekauka. Daktari wetu alikuwa Daktari Wanjiru, mzaliwa wa Kericho mjini, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri kuja kufanya biashara. Alikuwa kijana na hakuwa na haraka, na watu wa namna hiyo ni wachache. Aliinama kwenye mguu wa kushoto wa mzee, akagusa kidole gumba.

"Mzee, jaribu kusongesha hii."

Kikasonga. Kidogo sana, lakini kilisonga.

"Umeona?" akaniambia. "Hiyo ndio tunalinda."

Maana yake ilikuwa kwamba ugwe haukukatika wote. Kulikuwa na uzi uliobaki hai, na uzi huo ungekufa kama ungekosa damu. Hospitali kubwa haikuwa na kitanda cha wagonjwa mahututi. Bingwa wa upasuaji alizungumza na Wanjiru kwa simu: shingo ifungwe isitikisike, alale tambarare, presha isishuke chini ya namba aliyoitaja, na kitanda kikipatikana atapigiwa. Tukaanza kungoja. Kila tulipopima presha, tuliangalia na kidole. Mama wa usafi naye alikuwa akiinua blanketi akipita na ndoo na kuniambia, "Iko."

Sasa mnisikilize vizuri. Mwezi huohuo Mzee Chumo alikuwa amemaliza mazungumzo ya ndoa ya mwanawe, Gideon, aliyemwoa Chelangat, binti ya Mzee Sigei wa Kimulot. Wazee wawili waliooleana watoto huitana bamwai, na si jina la kuchezea. Alasiri moja, wakati wa kuwaona wagonjwa, Mzee Sigei aliingia wodini na ujumbe wa watu wake, akiwa amevaa koti zuri na kofia mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza wao kukutana wakiwa bamwai.

Nilikuwa upande wa pili wa wodi nikibadilisha bandeji ya kidonda. Kwa kusikia tu, sikushuku lolote.

"Gideon," alisema Mzee Chumo. "Niinue."

"Baba, daktari alisema ulale."

"Siwezi salimia bamwai nikiwa nimelala kama mtoto. Niinue."

Gideon alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyotuponza. Vitanda vyetu vilikuwa na mkono wa chuma wa kuzungusha, chini kwenye miguu. Akauzungusha. Akamkunjia babake blanketi mgongoni ili akae kama mtu. Mzee akanyoosha mkono wa kulia, akasema, "Chamgei, bamwai." Kisha akapiga mwayo mkubwa, uso ukawa rangi ya majivu, na mkono ukaanguka.

Damu yote ilikuwa imeshuka kwenye miguu na tumbo ambavyo havikuwa na amri ya kuirudisha juu. Monita ilianza kulia. Wageni, kwa kuwa ni Wakristo wazuri, walisimama wakaanza kuomba kwa sauti, na ikabidi nipite katikati ya sala kwa viwiko. Niliuzungusha ule mkono wa chuma nikamrudisha tambarare, mwenzangu ameishika shingo isipinde. Wanjiru alikuja akaongeza dawa kwenye pampu. Namba ilipanda, ikasita, ikapanda tena mpaka mahali pake. Mzee akafungua macho.

Wanjiru akaenda kwenye mguu wa kushoto. "Mzee, songesha."

Hakikusonga.

"Songesha tena."

Hakuna kitu.

Mimi si mtu wa kutetemeka kazini. Tabitha alinifundisha kwamba hofu ya muuguzi humfikia mgonjwa kabla ya dawa. Lakini siku ile niliogopa, na nilimchukia Gideon kwa dakika kadhaa, ingawa alikuwa amesimama ukutani akilia bila sauti na hakuwa amefanya zaidi ya kumtii babake. Tuliwatoa wageni. Tukaketi. Wanjiru alipiga simu kwa bingwa, akaelezwa aendelee vilevile, presha ikae pale, hakuna kingine. Kuna kazi ambayo ukishaifanya yote kinachobaki ni kuketi na kuangalia, na vijana wengi huona hiyo si kazi. Nilikagua kitambaa cha presha, pampu, mrija. Niliishika miguu yake. Ilikuwa na joto. Niliangalia kidole mpaka nikaanza kukiona kikitikisika hata nilipofumba macho.

Toroli la chai ya jioni lilipoingia wodini na kelele zake, Wanjiru alimwambia mzee, bila matumaini mengi nadhani, "Jaribu tena."

Kikasonga. Hafifu kuliko asubuhi, lakini kilisonga. Wanjiru alitoka nje, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Ungedhani hapo mambo yalikwisha. Mzee Chumo, alipopata nguvu ya kusema, hakuuliza juu ya mguu. Aliuliza, "Bamwai ameenda?"

"Ako nje, mzee," nikamjibu.

"Mmenilaza mbele yake."

"Ulizimia, mzee. Ukiinuka damu inatoroka mgongo. Ulikaribia kupoteza ile kidole."

"Kidole ni yangu. Akirudi nitainuliwa. Kama hamtaki, nirudisheni nyumbani. Gideon atatafuta gari."

Na Gideon angetafuta. Huo ndio ubaya wa watoto wenye adabu. Wanjiru alitaka kuwazuia wageni wote, na kwa upande wa tiba alikuwa sahihi kabisa. Lakini mzee wetu asiyetembelewa huhesabu kwamba amekwisha kuzikwa, na huyu alikuwa na mtoto wa kumtoa hospitali siku yoyote aliyotaka. Barabara ya kwenda kwake ilikuwa ya murram yenye mashimo. Uzi ule usingefika ukiwa hai.

Nikatoka kumtafuta Mzee Sigei. Nilimkuta kwenye kibanda cha wageni karibu na lango, ameketi na kofia magotini. Hakuwa amekwenda popote. Nilimweleza habari ya ugwe, na nilipofika kwenye maji ya mradi na nyumba ya juu, aliinua mkono.

"Ngoja hapo. Mimi ndio chairman wa maji kwetu Kimulot. Kwa hivyo presha yake ni ya kufika mpaka hapo tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nyinyi mmeongeza pampu."

"Tumeongeza."

"Na Gideon akainua nyumba tena juu."

"Kabisa."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayewafahamu watu wanaojenga juu ya bomba. Kisha akasema, "Haya. Kama yeye hawezi kuja juu, mimi naweza kwenda chini. Hiyo ni shida gani?"

Kesho yake alirudi kutoka Kimulot na kigoda chake cha miguu mitatu, kile cha kukalia mtu akikamua ng'ombe. Aliingia wodini na koti lake zuri, akakiweka kigoda kando ya kitanda, akaketi. Kichwa chake kilikuwa chini kuliko godoro. Wale aliokuja nao wakachuchumaa sakafuni mmoja mmoja, wazee kwa wamama, na sakafu yetu ya saruji ni baridi.

"Chamgei, bamwai," alisema kutoka chini.

Mzee Chumo alikuwa akitazama dari, kola ngumu imemzuia shingo. "Uko wapi?"

"Niko chini. Nimekalia kigoda. Wewe ndio uko juu ya sisi wote, hata mama yake Chelangat amekaa chini. Sasa tusalimie ukiwa hapo juu, na usisonge."

Nilikuwa nimesimama kwenye monita, mkono tayari kwa lolote. Halafu kifua cha mzee kikaanza kutikisika, nikadhani ni kifafa. Alikuwa anacheka.

"Chamgei missing, bamwai," akaitikia salamu kwa lugha yetu, amelala.

Namba haikushuka hata kidogo. Walizungumza juu ya bei ya majani na juu ya ndama waliopotea, na Mzee Sigei akaomba sala fupi akiwa palepale chini. Tangu siku ile kila mgeni wa Mzee Chumo alikalia kigoda au sakafu, na fundi wa hospitali akatutengenezea vigoda vingine kwa mbao za masanduku. Wauguzi wapya walivilalamikia kwa kuwagonga miguu. Nilivikatalia visitupwe, na kama bado vipo kona ile karibu na sinki, sasa mnajua ni vya nini.

Kitanda kilipatikana. Alipelekwa, akapasuliwa shingo ikaimarishwa. Sitawadanganya kwamba presha ndiyo iliyomponya. Mwaka uliofuata tulimpata mama mmoja aliyeangukiwa na trekta, tukamtunzia presha vizuri vilevile, pengine vizuri zaidi, na miguu yake haikurudi. Kwake kidole cha kusonga hakikuwepo tangu mwanzo. Tunachofanya ni kuhakikisha kwamba kilichobaki hakifi mikononi mwetu. Zaidi ya hapo si letu, na mkilichukua kuwa lenu hamtadumu kazini.

Mzee aliporudi nyumbani bado alikuwa na mpira wa mkojo, na Chelangat ndiye aliyemtunza. Siku moja alinipigia simu akitweta.

"Daktari, kichwa inamuuma vibaya, inapasuka. Uso ni nyekundu, anatoka jasho huku juu tu. Nimemlaza flat kabisa na nimeinua miguu."

"Mkalishe," nikamwambia.

"Nini?"

"Mkalishe sasa hivi, miguu ining'inie."

"Daktari, si ni wewe ulitukataza? Si mlitukalisha kwa sakafu?"

Alikuwa na haki. Siku za mwanzo presha huanguka. Miezi ikipita, mwili ulioumia juu unaweza kufanya kinyume. Kitu kikiuudhi chini ambako hausikii, kibofu kilichojaa kwa mfano, mishipa inabana ovyo na presha inaruka juu mpaka inaweza kupasua ubongo. Hapo kukaa ndiko kunakosaidia kuishusha. Alimkalisha, huku akinilaumu. Nikamwambia afuate mpira wa mkojo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umejikunja chini ya paja. Aliunyoosha, mkojo ukatiririka, na kabla hatujakata simu nilimsikia mzee akiuliza nani anapiga kelele. Wote nikawataka waje kliniki siku hiyohiyo. Dawa za kichwa na maombi vinaweza kungoja hadi uangalie mpira.

Tulimfundisha pia kuinuka. Ni kazi ya polepole: bandeji miguuni, leso imefungwa tumboni imekaza, kitanda kinapandishwa kidogo, unangoja, kinapandishwa tena. Ukiona mwayo, unashuka. Kwa mtu wa hasira hayo ni mateso, naye alikuwa na hasira. Alituita majina.

Baada ya kustaafu nilikwenda kwake, sikuwa mgonjwa wala muuguzi, nilikuwa mgeni tu. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Nilipofika kwenye ua nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa kitandani, na fremu ya chuma ya kutembelea imesimama kando. Mikono yake haikurudi yote. Hawezi kukamua, hawezi kuchuma, na shati Chelangat ndiye anayemfungia vifungo.

Aliniona. Akainua kiganja kunizuia nisiingie.

Akajivuta akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akakaza leso tumboni kwa kifundo cha mkono. Akangoja, macho yamefumbwa kidogo, akiisikiliza damu yake kama tulivyomfundisha. Chelangat alitokea jikoni, akataka kuniita ndani nisinyeshewe, nikamfanyia ishara aache. Nilikuwa na hamu ya kumpigia mzee kelele alale, na nilikuwa na furaha kubwa, vyote kwa pamoja. Mvua ilinilowesha mabega. Akashika fremu, akainua makalio, akangoja tena katikati, goti moja likitetemeka. Kisha akanyooka mwili wote.

"Chamgei, Daktari," akasema, akiwa amesimama. "Sasa ingia."

Niliiangalia kwanza miguu yake, kisha nikaitikia.